Kuomba Kipindi cha Viumbe

Barua ya kwanza niliiandika nikiwa Galula, kwa wino wa shule, na niliinakili mara tatu ili isiwe na kosa hata moja. Niliomba nipelekwe kusomea zaidi elimu ya viumbe, ile ambayo leo wanafunzi wanaiita baiolojia, ili siku moja niifundishe katika shule ya sekondari. Jibu lilinifikia baada ya miezi mitano. Lilikuwa na mistari miwili tu, na lilisema kwamba shule yangu ilihitaji bustani bora zaidi ya mboga.

Nieleze kwanza kwa nini nilitaka jambo hilo, maana hata nyumbani hawakulielewa.

Nilizaliwa upande wa Iyula, kwa wakulima wa ulezi na mahindi, wakati kahawa ilikuwa bado ngeni kwetu. Fuko walitusumbua sana shambani. Mama aliwatega, na wakinaswa walikuwa kitoweo. Kila mtu kwetu alijua kwamba fuko hana macho. Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka tisa, nilikaa karibu na mama akiandaa fuko wawili, nikamchukua mmoja na kumpuliza manyoya ya kichwani. Manyoya yalipogawanyika niliona macho mawili, madogo na meusi, kama punje za ulezi zilizoungua. Nikampuliza wa pili. Naye alikuwa nayo.

Wiki ileile mwalimu wetu wa shule ya misheni akatufundisha habari za wanyama, akasema fuko ni mnyama asiye na macho. Nikanyoosha mkono nikamwambia kwamba anayo, mimi nimeyaona. Alinichapa fimbo tatu. Hakusema kwamba nimekosea. Alisema nimembishia mbele ya darasa.

Nilipofika nyumbani mama aliona natembea vibaya, akauliza. Nikamweleza.

"Yule ndiye mwalimu," alisema. "Siku ukiwa mwalimu wewe, utasema uliyoyaona."

Nilimwamini, na matatizo yangu mengi yalianzia kwenye kuamini huko.

Nilipomaliza shule nilipelekwa chuo cha ualimu ng'ambo ya mlima Rungwe. Tulijifunza hesabu, dini, kuimba kwa sauti nne, useremala, na namna ya kuandika ubaoni bila mistari kupanda. Mara moja kwa wiki tulifundishwa habari za mimea, na maana yake ilikuwa kuchora majani. Nilichora majani mengi sana. Nilipomuuliza mkufunzi wetu jani linafanya kazi gani, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake. "Chora," alisema. "Mtihani ni wa kuchora."

Kutoka hapo nikapangiwa Galula. Kwa mtu aliyekulia kwenye baridi ya Mbozi, bonde lile lilikuwa tanuri. Shule ilikuwa na kuta za udongo na paa la nyasi, walimu tulikuwa wawili, na mimi nilifundisha kila kitu katika darasa la tatu na la nne. Nilikuwa kijana, na sikuchoka upesi. Jibu lile la bustani ya mboga lilinikera, lakini nilijiambia kwamba wakubwa hawanijui bado. Wakija kuniona nikifundisha, watanielewa.

Mwaka uliofuata nzige wekundu walitokea upande wa Rukwa, wakataga mayai kwenye ardhi yenye unyevu karibu na mto. Watu wazima walitolewa kwenda kuchimba mitaro ya kuwazuia watoto wa nzige, wale wasio na mabawa bado, tunaowaita tunutu. Mimi nilienda na darasa la nne tukachimbua mafungu machache ya mayai, tukayafukia kwenye mchanga ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la chaki. Juu nilipigilia kipande cha chandarua changu. Tunutu walipoanguliwa, darasa zima lilikuwa limeinama juu ya sanduku, na sikusikia mtu akikohoa.

Tuliwalisha nyasi kila asubuhi. Watoto waliandika siku ambayo tunutu alijivua ngozi mara ya kwanza, na mara ya pili, na rangi aliyokuwa nayo kabla na baada. Kulikuwa na msichana mmoja, binti wa mvuvi, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amefungua kinywa darasani. Ni yeye aliyegundua kwamba mabawa huanza kama vijipele viwili mgongoni. Alikuja mbele mwenyewe kunionyesha. Nilifikiri, basi, kazi ndiyo hii.

Mkaguzi wa shule alikuja kabla tunutu hawajakomaa. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye soksi ndefu, na siku hiyo alikuwa ameongozana na mwenzake aliyesimamia kazi ya kuua nzige, ambaye watu walimwita Bwana Nzige. Niliwaongoza moja kwa moja kwenye sanduku. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Bwana Nzige alipiga magoti. Alitazama muda mrefu, akachukua madaftari ya watoto akayasoma moja moja, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri, "Mayai mliyachimbua kina gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Akaandika kwenye kitabu chake. Akauliza mengine, mazuri, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa bado namjibu, mkaguzi akaingilia, "Watu wa serikali wanaua nzige kule mtoni, na wewe mwalimu unawafuga hapa?"

"Bwana, hawawezi kutoka. Watoto wanajifunza wanavyokua."

"Wachome."

Nilimtazama Bwana Nzige. Aliinuka, akakung'uta magoti, akasema kitu kwa Kiingereza kwa sauti ya chini. Mkaguzi akajibu neno moja. Bwana Nzige akaenda kusimama kwenye gari. Hakurudi kutazama.

Tuliwachoma nyuma ya shule, na watoto wakiwa wamepangwa mstari. Yule binti wa mvuvi alirudi mahali pake, na hadi nilipoondoka Galula hakuzungumza tena darasani. Katika ripoti yangu iliandikwa kwamba mwalimu huyu hufuga wadudu waharibifu. Niliisoma kwa macho yangu, maana mkuu wangu aliniletea niitie sahihi.

Baada ya hapo nilihamishiwa milima ya Ileje. Hakuna aliyesema ni adhabu, lakini hakuna aliyeomba kwenda kule. Kutoka mahali gari liliponishusha nilitembea siku moja na nusu, nikipanda na kushuka, mzigo wangu ukiwa vitabu vinne na sufuria. Kwa mambo mengine Ileje ilinitendea mema. Nilimpata mke huko, binti wa mzee wa kanisa, mwanamke wa Kindali mwenye maneno machache yaliyonyooka. Nilikaa miaka minane.

Miaka minane hiyo nilifundisha jembe. Amri ilikuwa imekuja kwamba shule zifundishe kuhifadhi udongo, na kwamba kila shule ya milimani ichimbe matuta ya kukinga maji. Kwenye ratiba kipindi kiliandikwa Sayansi ya Kilimo. Nilijaribu kukifanya sayansi kweli. Niliwaonyesha mizizi, nikawaeleza maji yanavyopanda kwenye shina, nikawapasulia minyoo. Kisha bwana shamba alikuja kupima urefu wa matuta, na hayo mengine hakuyapima. Matuta yakiwa mafupi, niliandikiwa barua.

Wazazi walinichukia, na sikuweza kuwalaumu. Asubuhi moja mzazi mmoja, mzee mwenye heshima pale, alikuja hadi mlangoni mwa darasa akiwa na jembe begani. Akaliegemeza ukutani.

"Mwalimu, shikamoo zako nimezipokea njiani kutoka kwa watoto," alisema. "Sasa nisikilize. Kama ni jembe, nyumbani lipo. Nimekuletea wanangu wasome. Nikitaka walime, siwapeleki mbali hivi."

"Ni amri, baba," nilimwambia.

"Najua ni amri. Nauliza wewe unafundisha nini."

Darasa lote lilikuwa linasikiliza. Nilikuwa na majibu mengi kichwani, kuhusu mizizi na minyoo na maji, lakini matuta yalikuwa pale nje, mbele ya macho yetu sote, na watoto wake wawili walikuwa na malengelenge mikononi. Nikamwambia, "Baba, nafundisha wanachoniruhusu." Alichukua jembe lake akaenda. Juma lililofuata aliwaondoa watoto wote wawili.

Nilipomsimulia mke wangu nilikuwa na hasira, na nilisema nitaacha kazi nirudi Iyula nikapande kahawa. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha kupepeta.

"Umeandika barua mara ngapi?" aliuliza.

"Mbili."

"Basi andika ya tatu. Ukinyimwa tena, kahawa ipo."

Niliandika ya tatu. Nilikubaliwa, ingawa baadaye nilijua sababu: mwalimu aliyechaguliwa aliugua, na nafasi ilikuwa haina mtu. Sikujali. Nilimwacha mke wangu na watoto kwa wazazi wake, nikapanda lori la mizigo hadi Mbeya, kutoka huko nikaendelea kwa malori na garimoshi hadi chuo cha mbali, ambako nilikaa miaka miwili.

Ndiko nilikotazama kwa mara ya kwanza ndani ya darubini ya kukuzia vitu vidogo. Mkufunzi alidondosha maji ya dimbwi kwenye kioo, akasema kila mmoja atazame kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilikataa kuondoka. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu, na wenzangu walinivuta shati. Ndani ya tone lile kulikuwa na viumbe vikiogelea, vikigongana, vikigawanyika, na maji yale tulikuwa tumeyapita kila siku tukienda kula. Siku nyingine tulitazama damu yetu wenyewe. Nilifaulu mitihani yote, ya kupasua na ya kuandika. Kwenye cheti changu iliandikwa kwamba nimehitimu kufundisha elimu ya viumbe katika sekondari. Nilikifunga kwa kitambaa na sikukitia kwenye sanduku, nilikishika mkononi njia nzima.

Nilipangiwa shule ya sekondari ya wavulana katika nyanda zetu za juu. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanionyesha nyumba, kisha akanipeleka maabara. Kulikuwa na kabati la kioo lenye darubini tatu, na ufunguo wake ulikuwa umefungwa kiunoni kwa mwalimu wa elimu ya viumbe, Mzungu mwenye umri, mwanamke mkali ambaye baadaye nilimheshimu.

"Utamsaidia," mwalimu mkuu alisema.

"Nimekuja kufundisha, bwana. Cheti changu kinasema."

"Ndiyo, ndiyo. Utaanza kwa kusaidia."

Nilisaidia miaka mitatu. Nilikamata vyura. Niliwatia kwenye dawa, nikawapigilia kwenye mbao, nikafuta ubao, nikaosha vioo vya darubini, nikavipanga. Wavulana walipokwama, walinijia mimi chini ya paa la jiko, na nikawaeleza kwa Kiswahili yale waliyoelezwa kwa Kiingereza. Kwenye ratiba jina langu lilikuwa mbele ya Kilimo, na Usafi wa Mazingira, ambao ulikuwa usimamizi wa vyoo.

Kisha yule mama akaugua na kupelekwa kwao kutibiwa. Kabla ya kuondoka aliniita maabara. Alifungua mkanda, akautoa ufunguo, akaniwekea mezani.

"Ningekupa zamani," alisema. "Sikuamini kwamba wangeniacha nikupe."

Sijui hadi leo kama ulikuwa ukweli au aliona haya. Niliuchukua.

Muhula ule mmoja nilifundisha kama mtu anayekula baada ya kufunga. Tulitazama maji ya mtaro wa shule, tukatazama chavua ya mahindi, majani ya kahawa yenye kutu, mate yetu, mguu wa kunguni aliyetoka bwenini. Tulipasua moyo wa ng'ombe niliouomba machinjioni, na kijana mmoja aliyekuwa akizimia akiona damu alimaliza akiwa ameshika vali kwa vidole vyake na kuieleza. Nilikuwa nikimaliza kipindi na koo limekauka, na wavulana hawakuondoka.

Muhula uliofuata akaja kijana kutoka Uingereza, aliyetoka chuo kikuu mwaka uleule. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Ufunguo, tafadhali," alisema.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia kwa heshima, alicheza mpira na wavulana. Lakini hakuijua miti yetu hata mmoja, na mtihani wa mwisho ulikuwa unatungwa ng'ambo, kwa hiyo alifundisha ya ng'ambo. Mwaka ule swali moja lilitaka mtahiniwa aeleze jinsi machipukizi ya mti fulani wa Ulaya yanavyojikinga na barafu ya kipupwe. Wavulana walitoka chumbani wakanikuta nimekaa nje na ndoo ya vyura.

"Mwalimu, huo mti ukoje?" mmoja aliniuliza.

Nilikuwa nimeusoma kitabuni. Nikaanza kueleza, nikaona aibu, nikaishia katikati. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Nje ya dirisha la chumba cha mtihani kulikuwa na mkuyu mkubwa uliozaa tini kwenye shina lake, na ndani ya kila tini kuna vinyigu wanaozaliwa na kufa humohumo, na hakuna mtihani uliowahi kuuliza habari zake. Kijana mmoja kati ya wale waliofanya vizuri zaidi muhula wangu alianguka somo hilo. Nilimwona akifunga godoro lake kurudi kwao. Niliingia nyumbani nikampigia mke wangu kelele kwa sababu ya chumvi.

Nilipewa darasa mwishowe. Kijana wa Uingereza alioa, akaondoka, na safari hii hawakuwa na wa kumleta. Jina langu likaandikwa kwenye ratiba mbele ya somo lenyewe, kwa maandishi ya mashine, na mke wangu, ambaye hakujua Kiingereza, aliniomba nimwonyeshe lilipo. Nilifundisha miaka miwili kamili. Sina mengi ya kusema kuhusu miaka hiyo, ila kwamba nililala vizuri. Mitihani iliendelea kuuliza ya ng'ambo, nami niliifundisha kwa robo ya kipindi na kutumia kinachobaki kwa mkuyu na nzige na bilharzia iliyokuwa kwenye mikojo ya nusu ya darasa. Walifaulu zaidi kuliko mwanzo. Wakubwa waliona hivyo.

Na kwa sababu waliona, wakanipandisha cheo. Siku hizo ilikuwa imeanza kusemwa kwamba Waafrika wapewe madaraka, na mimi nikawa mmoja wa waliotafutwa. Mwalimu mkuu alinipa mkono, akasema nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya kati ya Tunduma, mpakani, yenye darasa la tano hadi la nane. Nilimwuliza nani atafundisha viumbe hapa.

"Tutaona," alisema.

"Naomba kubaki, bwana."

Alishangaa kweli. "Umeomba miaka yote hii upandishwe."

"Sikuomba kupandishwa. Niliomba kufundisha."

Niliandika barua ya nne. Walijibu kwamba kukataa uteuzi kungehesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Ndugu zangu wa Iyula walikuja na mbuzi kunipongeza, wakala, wakaimba, na mjomba wangu akasimama kunihutubia kwamba nimewatoa kimasomaso. Mama alikuwa mzee tayari. Alinishika mkono akasema sasa nimefika.

Tunduma nilihesabu madawati, nikaandikisha watoto, nikasuluhisha ugomvi wa walimu, nikawaandikia barua wazazi waliokuwa na ndugu upande wa pili wa mpaka, ambao waliwahamisha watoto huku na kule kufuata mavuno na biashara. Watu waliniamkia njiani na kunipisha dukani. Shule ya kati haikuwa na darubini wala elimu ya viumbe. Ilikuwa na Kilimo.

Mwaka wa pili nilifanya jambo ambalo mwalimu mkuu hakupaswa kulifanya. Nilipopanga ratiba nilitoa kipindi kimoja cha Kilimo cha darasa la nane, Jumamosi asubuhi, nikaandika Viumbe, na pembeni nikaandika jina langu. Mkaguzi mpya, Mwafrika kama mimi, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, alipokuja aliifuata ratiba kwa kidole hadi akafika pale.

"Hiki nini, mzee?"

"Kipindi changu."

"Hakimo kwenye mtaala."

"Najua hakimo."

"Na mwalimu mkuu hana vipindi kwa mujibu wa waraka."

"Waraka nao naujua."

Akatazama nje, ambako darasa la nane lilikuwa limechuchumaa kando ya mtaro likinisubiri na makopo ya maji. Akafungua daftari lake akaanza kuandika. Sikumwuliza anaandika nini. Nilichukua chaki mbili nikatoka, maana dakika kumi za kipindi zilikuwa zimekwisha kupita.